Yadi Sita za Bafta Ardhini

Kijiji cha Ujamaa,
Makuyuni, Korogwe.
16 Januari 1977

Mpendwa Mjomba Mbaruku,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na Mama Rehani na wadogo zangu wote, na kwamba ule mguu uliogongwa stesheni sasa unakanyaga bila fimbo. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa asubuhi tu, jua likipanda anaacha. Mimi siumwi, ila nimechoka, uchovu ambao hata nikilala hautoki.

Mvua za vuli zilikuja kidogo, zikaondoka. Mbaazi zimesimama. Mahindi tulipata ya kuchoma tu.

Mjomba, umeniuliza mara mbili gauni la Idi limenikaaje, nami nimekuwa nikikujibu mambo mengine. Gauni halikushonwa. Ile bafta uliyonitumia, yadi sita, ambayo najua uliipangia foleni, niliikata vipande na kuifukia shambani. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Shamba la pamba la kijiji limepigwa dawa ya wadudu misimu minne sasa. Pamba ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini mwaka jana kina mama waliniita kunionyesha magugu waliyoyafukia kwa jembe mwaka juzi: bado yako vilevile, makavu kama nyasi za paa. Nilichimba. Hakuna nyungunyungu, hakuna mchwa. Sasa kamati inataka masika haya dawa hiyohiyo iingie shamba la mahindi, kwa kuwa funza walikula karibu nusu. Shamba hilo linalisha nyumba themanini. Funza hata mimi nawaogopa. Ila nilitaka tujue kwanza udongo unafanywa nini.

Chuoni tulifundishwa njia rahisi. Unafukia vipande vya kitambaa cha pamba, unavifukua baada ya siku arobaini na tano, unapima vimepungua uzito kiasi gani. Udongo wenye uhai hula kitambaa kama unavyokula majani. Niliomba kitambaa kazini tangu Juni, hakikuja. Bafta yako ilikuwa sandukuni. Nilipata vipande ishirini na vinne, nikapima kimojakimoja, nikakishonea namba kwa uzi mweusi. Kumi na viwili nilifukia penye dawa, kumi na viwili kando, ambako dawa haijafika.

Kosa ni langu. Nimezaliwa Handeni, nimeona maziko tangu sijajua kusoma, na bado sikufikiri kwamba bafta nyeupe ndani ya udongo, kwa watu wetu, ni kitu kimoja tu. Mwenyekiti nilimwambia nafukia “kitambaa”. Kina mama sikuwaambia kitu.

Siku ya thelathini na tatu mvua iliosha udongo, kipande kikachungulia. Aliyekiona ni Bi Swaumu, ambaye ndiye anayeosha maiti wa kike hapa kijijini. Kesho yake aliingia kwangu na sinia kichwani.

“Mwantumu mwanangu, umezika nani vipande vipande?”

Juu ya sinia ilikuwa bafta yangu, imefuliwa kwa sabuni, imekunjwa. Alifukua vyote. Aliniambia sanda isiyo na mtu haiachwi ardhini, maana itamwita wa kuivaa, na kijijini tuna wajawazito watatu. Alikwenda navyo mtoni akavipigapiga kwenye jiwe mpaka vikatakata.

Nilikaa chini, Mjomba. Kipande kilichofuliwa hakipimiki tena. Nililia mbele yake kama mtoto.

“Sasa unalia nini?” akasema. “Vya kule kwenye dawa nimekurudishia vizima. Hivi vya upande wa huku ndivyo vimeniaibisha, nimekuletea nyuzi.”

Ndipo nikavitazama. Namba kumi na saba ilikuwa namba peke yake, uzi mweusi umeshikilia kitu kama utando wa buibui. Vya penye dawa ungeweza kushonea mto.

Nilimweleza mkubwa wangu wa kazi, Bwana Simeo. Alicheka. “Bibi Shamba, jaza makadirio. Nani atakuja kufukua akuhakiki?” Fomu ya matokeo ilikaa mezani kwangu siku mbili. Kilichonichosha ni kwamba nilizijua namba ambazo zingefaa, na labda zisingekuwa mbali na kweli. Niliandika: vielelezo vimeharibika. Nikaipeleka hivyo.

Kwenye kikao cha kijiji nikaenda mikono mitupu, nikaeleza yote. Mwenyekiti wetu, Mzee Sadala, akasema, “Kumbe mchwa wamekufa? Mimi nashukuru! Mwaka jana wamenilia mlango mpaka komeo.” Watu wakacheka sana. Bi Swaumu akasimama.

“Sadala, mlango utachonga mwingine. Mimi nimevalisha wafu miaka thelathini, naijua ardhi na kazi yake. Ile ya pamba imekataa kula. Ardhi isiyokula itakulisha wewe nini?”

Kikao kikakata shauri shamba la mahindi lingoje mpaka mwisho wa Februari. Nikileta vipimo vya kweli, watasikiliza. Nisipoleta, dawa inaingia. Pipa liko ghalani tayari.

Basi nimefukia upya tarehe kumi, safari hii majani makavu ya mahindi, yamepimwa, ndani ya vifuko ishirini na vinne vya wavu kuukuu, kila kimoja na namba yake. Siku mbili baadaye ikaja barua ya uhamisho: Kang’ata, kuanzia tarehe mosi Februari. Sijui kama ni zamu yangu au ni ile fomu. Sina nguvu ya kuuliza.

Mizani namwachia mwalimu wa shule. Kufukua atafukua Bi Swaumu. Hajui kusoma, lakini tumekaa naye jioni nne, na namba zote ishirini na nne sasa anazitambua kwa kidole. Jana nilimuuliza kama ana swali. Akasema, “Sina. Ila safari hii sifui.”

Nimekuwekea humu kipande namba tisa. Kilikaa siku thelathini na tatu katika udongo mbichi wa penye dawa na hakikukatika hata uzi mmoja. Tafadhali usikifutie taa. Ndilo gauni langu, Mjomba, sina jingine la kukuonyesha.

Nisalimie Mama Rehani, Rehani mwenyewe na Chausiku. Mama anakusalimu, anasema kikohozi chake kisikutie wasiwasi. Mwenyezi Mungu akuhifadhi njiani kila treni inapoondoka nawe, na akuombeapo Mama Rehani anipitishie na mimi dua moja, ya mwisho wa Februari.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, niliyekuzikia bafta,

Mwantumu