Nilimwambia Wifi Aweke Taa Mbele ya Glasi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, maana nina hasira ambayo nikiendelea kuimeza nitapasuka, na juu ya hasira hiyo nimefanya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu ninayelala naye kitanda kimoja.

Nilifanya kazi miaka tisa katika ukumbi wa sherehe, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kufuta glasi, na mfuta glasi haangalii glasi kwa mbele, anaiinua dirishani mwanga upite kwa nyuma, hapo ndipo anaona kila alama ya kidole na kila uzi wa kitambaa, na hapo hapo ndipo glasi inapendeza kuliko popote. Ukumbi ulipofungwa nikarudi nyumbani na glasi moja ya mguu waliyonipa kwa kuniaga, ina kiputo kidogo cha hewa ndani ya mguu wake, ndiyo maana wageni hawakuwahi kuwekewa, nami naipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Siku moja mchana, kwa kukosa la kufanya, nikafunga mapazia, nikatundika shuka jeupe kwenye kamba, nikaweka taa ya mezani nyuma ya shuka na glasi yangu mbele yake juu ya meza, halafu nikaegemeza simu kwenye kopo la unga isitikisike. Mara ya kwanza glasi ilipotelea kwenye ule weupe kana kwamba haipo, nikahangaika wiki nzima mpaka nikagundua kwamba ukisimamisha vipande viwili vya kadibodi nyeusi, kimoja kushoto na kimoja kulia, nje kidogo ya picha, kingo za glasi zinachukua ule weusi na glasi inajichora yenyewe kama kwa wino. Mshauri, nilipiga kelele peke yangu! Nikatuma picha kwenye kundi la familia, mama mkwe akaweka kidole gumba, mume wangu, ambaye ni fundi makochi, akasema, "Hongera, sasa chai iko wapi?" na wifi yangu, dada wa mume wangu, hakusema kitu.

Kumbe ukimya wake ulikuwa na kazi. Wifi ni msusi, na kwenye kiti chake hukaa mama mmoja mwenye duka la vyombo vya kioo ambaye alikuwa anatafuta mtu wa kumpigia picha za bidhaa zake, basi wifi akamwonyesha picha zangu akasema kapiga yeye, akapewa kazi, akaja kwangu na maboksi mawili ya glasi na majagi, "Wifi yangu kipenzi, tumepata kazi sisi wawili," nami nikafurahi kama mjinga, nikapiga picha siku nne mgongo ukiniuma, yeye amekaa kwenye kochi anachezea simu.

Mwenye duka alipokuja kuchukua vyombo vyake, wifi akanitambulisha hivi: "Huyu ni wifi yangu, ananisaidia kubeba." Kubeba! Nyumbani kwangu, mbele ya shuka langu! Nikaenda kuleta maji ya mgeni, na niliporudi na trei nikamsikia yule mama anauliza, "Na ile glasi yenye kiputo, ile ya picha ya kwanza kabisa, iko wapi? Ile ndiyo iliyonivuta." Wifi akajibu bila kupepesa macho, "Ilivunjika." Glasi ilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka alipokaa, nzima kabisa. Nikaweka maji mezani nikanyamaza.

Sasa yule mama anataka Jumamosi picha zipigwe dukani kwake, yeye na mshirika wake wakiangalia, na wakiridhika kazi itakuwa ya kudumu. Wifi akaja mbio nimfundishe, nikakataa, akaenda kushtaki kwa mama mkwe, mama mkwe akanipigia, "Mwanangu, mfundishe mwenzako, hiyo ni damu ya mumeo, wewe utapungukiwa nini?" nikamweleza mume wangu, naye akasema, "Hayo ni yenu wanawake, msinitie katikati."

Basi nikamfundisha. Nilimwambia taa inakaa mbele ya glasi, karibu kabisa, upande wa simu, na zile kadibodi nyeusi azitupe, ni za kuzuia vumbi tu. Ukifanya hivyo, mshauri, glasi inapata doa jeupe la taa tumboni na kila kilichomo chumbani kinaonekana ndani yake, mpaka na uso wako. Alikuwa ananisuka, maana alisema hawezi kuja mikono mitupu, na kila baada ya mistari miwili anaacha kusuka anaandika kwenye daftari, yeye ananisuka na mimi namdanganya, saa tatu nzima, na alipomaliza akanikumbatia akasema, "Wifi, leo ndiyo nimejua sisi ni ndugu."

Sijui nimwache aumbuke, maana anastahili, au nimweleze ukweli aondoke na kazi yangu pamoja na ujuzi wangu wote. Nisaidie, kichwa kinaniwasha, na si kwa sababu ya mistari peke yake.

Ni mimi, Mwenye Shuka.

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Shuka, pole. Barua yako nilianza kuisoma nimekaa, na nilipofika kwenye "ananisaidia kubeba" nikajikuta nimesimama. Mtu anakaa kwenye kochi lako, anakutazama unavyoinama siku nne, kisha anakutangaza mchukuzi wa mizigo! Wifi yako hana haya, na usikubali mtu akuambie kwamba unakuza mambo.

Lakini na wewe nawe! Mgeni anauliza glasi yenye kiputo iko wapi, glasi iko hatua tatu, na wewe unaweka maji mezani? Ulikuwa umebeba trei ukashindwa kubeba ukweli wa hatua tatu? Ungefungua kabati tu. Hata mdomo usingehitaji kuufungua. Ukimya ule ndio uliompa wifi yako nguvu ya kurudi kukuomba umalizie kumvisha nguo zako.

Halafu ukaona dawa ni kumdanganya. Ukakaa chini ya mikono ya mwanamke saa tatu, akakupendezesha kichwa, na wewe unamwambia kadibodi ni za vumbi. Nilicheka, sikufichi. Nilipomaliza kucheka nikakasirika. Wewe uliyefuta glasi miaka tisa mpaka alama ya kidole ikakukosesha raha, umekwenda kuichafua kazi yako kwa mkono wako. Maana fikiria Jumamosi. Taa iko mbele, kila jagi lina doa tumboni, sura ya wifi yako imo ndani ya bakuli. Mwenye duka hatasema, "Ah, kumbe mwenye kipaji ni yule aliyeleta maji." Atasema nyumba ile ni ya matapeli, atatafuta mtu mwingine. Wifi ataumbuka, sawa, naye Jumatatu atarudi kwenye kiti chake cha kusukia. Wewe utarudi wapi?

Kwa hiyo sikiliza. Leo hii, ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu uende kwa wifi yako. Usitume ujumbe. Na fanya haraka, kwa sababu gazeti hili liko kwenye saluni nyingi na wateja hulisoma wakisubiri nywele zikauke. Mwambie kwa mdomo wako: taa inakaa nyuma, nilikudanganya, nisamehe. Hilo unawiwa kulisema hata kama yeye ni mwizi. Ukishasema hivyo, usikae chini kufundisha zaidi ya hapo. Mwambie na la pili: "Jumamosi nakuja dukani, na nitasema picha ni zangu. Ukitaka kulisema wewe kwanza, una muda mpaka wakati huo." Atalia. Atamtaja mama mkwe wako. Mwache alie, kisha ondoka.

Mama mkwe mjibu kwa heshima yote anayostahili, ila mjibu. Ameuliza utapungukiwa nini. Mwambie, "Mama, nitapungukiwa kazi, na nimekaa bila kazi tangu ukumbi ufungwe." Swali aliuliza yeye, basi jibu alipokee.

Na huyo fundi makochi asiyetaka kutiwa katikati, mtie. Chai anaijua njia yake, na dada ni wake. Jumamosi asubuhi akubebee meza na taa mpaka dukani, ili siku ile anayebeba aonekane ni nani.

Glasi yenye kiputo usimpe mtu yeyote akushikie, hata mume. Ifunge kwenye shuka lako uende nayo mwenyewe. Ukifika, usianze na hadithi ya wifi, maana utalia, na ukilia itakuwa ugomvi wa ndugu na yule mama atatazama saa. Omba dakika kumi. Funga mapazia, tundika shuka, washa taa nyuma yake, simamisha kadibodi zako kushoto na kulia. Weka ile glasi iliyovunjika, nzima, katikati ya meza. Piga picha, mpe simu mwenye duka, unyamaze. Safari hii una ruhusa ya kunyamaza.

Ataitazama picha, ataitazama glasi, kisha atakutazama wewe, na atauliza, "Wewe ni nani?"

Usimwambie wewe ni wifi wa fulani, wala mke wa fulani. Mwambie jina lako, lote, lile uliloogopa kuniandikia hata mimi.