Saini ya Baba Ingrid

Carama, 14 Mei 2001

Dada yangu mpenzi Jovithe,

Pokea salamu zangu huko kambini Kigoma, wewe na watoto. Je, mguu umepona? Mimi ni mzima. Risasi za mtaa wa jirani, Kinama, tunazisikia, bado hazijafika mlangoni.

Uliuliza kwa nini mume wangu Léonce hakutumii salamu tena. Nilikujibu ana kazi nyingi. Sivyo, dada.

Mwezi wa pili Ingrid wetu alishikwa na malaria. Unajua nasali kwa mchungaji Herménégilde, anayefundisha kwamba damu ya mtu haichanganywi na ya mwingine. Tulifunga siku tatu, tukamwekea mtoto mikono. Viganja vyake vikawa vyeupe, hata kulia akashindwa. Asubuhi Léonce akambeba mgongoni mpaka hospitali, kwa miguu, maana wanajeshi walikuwa wamefunga barabara. Mimi nikafuata nyuma nikiomba.

Dogiteri akasema bila kuongezewa damu mtoto hafiki jioni. Nikakataa. Nikasema heri aende kwa Mungu akiwa safi. Akanijibu kwa upole kwamba mtoto wa miaka sita hajachagua imani yake bado, na ana haki ya kuishi mpaka aichague. Léonce akachukua kalamu.

“Mi sitazika mutoto juu ya maneno ya Herménégilde,” akaniambia, akatia saini.

Saa tisa Ingrid akafumbua macho, akaomba chai.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Mtoto alininyooshea mkono, nami nikarudisha wangu nyuma. Niliogopa kumgusa, Jovithe. Mwanangu mwenyewe! Niliona damu ya mtu nisiyemjua ndani yake. Aliniangalia, kisha akamgeukia baba yake.

Hawakurudi nyumbani. Wako Ruziba kwa shangazi yake Léonce. Kwa mchungaji nami sikwenda tena. Napika sahani moja, nakula nimesimama.

Juzi Léonce alituma ujumbe: nije nikitaka, ila Ingrid huuliza kama mama bado anamwogopa.

Jumapili nitakwenda, barabara ikiruhusu. Niombee nifike. Na nikifika, niombee akubali nimbebe.

Wasalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi mdogo wako,
Scholastique