Hatua za Kadzo

Changamwe

Mpwa wangu Florence,

Mvua imeingia jikoni, na miguu imevimba tena.

Wanafunzi wangu wa zamani wanataka kunichezea ngoma ya korongo siku ya mazishi yangu. Niliwafundisha kuwa ni ya Wayunani wa kale, waliomwita korongo geranos, na ngoma yao vilevile. Jina ni lao kweli. Hatua niliziiba kwa mama yako, Kadzo. Siku walipoicheza mashindanoni aliniuliza, "Elkana, hao Wayunani waliniona wapi nikicheza?" Nikamjibu mbele za watu, "Nyamaza dada, wewe hukusoma." Hakucheza tena mpaka tukamzika.

Waambie ni ya Kadzo, ndipo wacheze. Naogopa, mwanangu. Huko niendako atanipokea yeye, na swali lake ni lile lile.

Mjomba wako anayetetemeka,
Elkana