Swali la Dainess

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nusura tufukuzwe leo! Tulikuwa katikati ya mchezo wetu wa mezani. Enosi amenasa pangoni, mimi namshushia kamba. Mara Mama Esnath, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, akaingia. Akaitazama meza yetu. Kisha akasema wazazi wa Msasani yetu hii ya huku milimani wanalalamika: eti tunaita mizimu katika chumba cha nyuma. Kamati itakaa tarehe 28 kuamua kama tuendelee kukitumia.

Mchezaji mwenzetu Muddy alianza kubisha. Dada Dainess akamzuia kwa mkono, akamweleza Mama Esnath taratibu. Tunakaa mezani. Kila mtu anaigiza mhusika wake, yeye Dainess anasimulia yanayotokea, dadu zinaamua nani kafaulu na nani kakwama. Basi. Halafu akasema, "Mama, naomba tuwaulize watu wenyewe wanaonaje. Tutakuletea majibu, yawe matamu, yawe machungu."

Machungu! Mimi nisingethubutu kuahidi hivyo.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baada ya kufunga duka nilipita stesheneri anakofanya kazi Dainess. Tumetunga maswali. Langu lilikuwa: "Je, unakubali kwamba mchezo huu unakuza akili za vijana?" Akacheka mpaka akashika meza. "Safina mdogo wangu, hilo si swali. Hilo ni tangazo la sabuni."

Muddy alitaka tuyatupie tu kwenye grupu letu la WhatsApp, yaishe. Dainess akamuuliza: ukiwauliza uliowaalika pilau kama pilau ni tamu, umejua nini?

Anavyofanya kazi! Anaandika swali, analisoma kwa sauti ya mtu anayeupenda mchezo. Kisha analisoma tena kwa sauti ya mtu anayeuchukia. Likimpendelea mmoja wao, analikata. Na mchezo huu ni wake — ndiye aliyetufundisha sote. Alisoma takwimu Mbeya. Ila uungwana ule sidhani kama unafundishwa darasani.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Tumelijaribu dodoso kwa Mama, nyumbani kwetu. Alikuwa anajibu vizuri kabisa, mpaka neno "dadu". Akaweka kikombe chini. "Kamari? Ndani ya nyumba hii?"

Kumbe! Kwa wengine shida si mizimu, ni dadu. Nikamwambia hakuna anayeweka hela. Hakunisikia.

Njiani Muddy akasema neno hilo litolewe, tuandike "vifaa". Dainess akasimama pale pale barabarani. "Dadu zipo mezani, Muddy. Tukizificha kwenye swali, jibu tutakuwa tumeliiba." Kaamua hivi: watu waone kwanza tunavyocheza, wazione dadu kwa macho yao, ndipo waulizwe. Kazi mara mbili. Muddy kanuna. Mimi nimefurahi, sijui kwa nini.

Jumapili, 22 Juni 2025

Msasani tulimaliza jana. Leo tumekwenda Kinyala, kwenye mashamba ya chai, maana baadhi ya wachezaji wetu wanatoka huko, na wazazi wao nao wana haki ya kusema. Ukungu mzito, matope mpaka kwenye viatu. Enosi anafanya kazi kiwanda cha chai cha huko, anafahamika. Akatupatia nafasi kwenye banda la kupimia chai, watu wakitoka kanisani.

Dainess alisimulia: daraja limevunjika, kivuko kimoja tu, na mlinzi hataki mtu apite. Mchuma chai mmoja, Agness, wa rika la Mama, alikuwa amesimama pembeni na mwavuli. Ghafla akaingilia: "Mlinzi, mama yako anajua kama unawazuia watu kwenye baridi hii?" Banda zima kicheko! Dainess akampa dadu. Akarusha, akafaulu. Mlinzi akaona haya, akawapisha. Agness akapiga vigelegele!

Ndipo Dainess akamuuliza kutoka kwenye dodoso: ungependa kijana wako acheze?

"Hapana."

Hapana?

"Yeye ana kazi ya shamba. Mimi ndiye nataka kucheza."

Hatukuwa na pa kuliandika jibu lile. Dainess alibaki ameshika kalamu. Akacheka, lakini nilimwona — limemgusa. "Ndaga fijo, mama," akamshukuru kwa kilugha, akimshika mkono kwa mikono miwili.

Jumatatu, 23 Juni 2025

Tumejumlisha. Wengi wamekataa. Si kwa mbali, lakini wamekataa.

Muddy: yule Agness si anaupenda mchezo? Basi ahesabiwe ndiyo!

Dainess: aliulizwa kuhusu mwanawe, akasema hapana. Ni hapana.



Jumamosi, 28 Juni 2025

Naandikia hapa hapa ukumbini, benchi la nyuma.

Dainess amesoma yote. Ameanza na waliokataa, na sababu zao, bila kuzipunguza makali. Kisha akasema dodoso lina kasoro: tuliwauliza watu kuhusu watoto wao, hatukuwauliza kama wao wenyewe wangependa kucheza. "Kasoro hiyo ni yangu." Akakaa.

Muddy kanong'ona kwamba ametuzika.

Kamati wakataka kupiga kura ya siri. Wakabishana swali liandikweje. Mjumbe mmoja, mzee Obed: "Je, ushirikina uendelee ukumbini?" Mwingine akapinga. Kelele. Mama Esnath akagonga meza. Kila anayekuja hapa kuomba kitu, akasema, anakuja na sifa zake tu. Huyu kaja na lawama zake pia. "Swali aandike Dainess."

Sisi! Yaani wetu ndiye aandike!

Ameandika, amekata, ameandika tena. Muddy kamwinamia: "Dada, leo tu. Liegemeze kwetu kidogo." Yeye kaniletea mimi karatasi. "Safina, soma. Mwandishi yuko upande gani?"

Nimesoma mara mbili. Namjua kuliko wote humu, najua mchezo huu ni nini kwake. Swali halisemi.

"Sijui," nimemwambia.

Ametabasamu, akaipeleka mbele.

Karatasi zinagawiwa. Mzee Obed kashaandika yake, kaikunja. Mama Esnath kalisoma swali. Kavua miwani, kaifuta, kalisoma tena. Bado hajaandika kitu —