Tumbo la Pamba na Tumbo la Kweli

Shangazi wa ushauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na matumbo mawili, moja la pamba na moja la kweli, na hilo la kweli ndilo linaloninyima usingizi, kwa hiyo naomba unisikilize kabla hujanicheka.

Mimi ni mwigizaji, na nasema hivyo bila kuinamisha kichwa, maana nilianza kwa kupita tu nyuma ya wenzangu kwenye umati na leo picha yangu ndiyo itakayobandikwa ukutani, na filamu yenyewe ni ya mapenzi na vichekesho, kuhusu karani wa ofisi anayepata mimba bila kupanga na kijana aliyekutana naye harusini, basi karani huyo ndiye mimi, na tumbo langu amelishona fundi wetu wa mavazi, la pamba, lina mikanda ya kufungia mgongoni, ukiliona utaapa kuna mtoto ndani anapiga teke.

Sasa Shangazi, kushonewa tumbo kunataka kupimwa mara kwa mara, na kupimwa kunataka kusimama karibu, na fundi huyu ana mikono ya taratibu na maneno machache, nikajikuta nachelewa kutoka chumba cha mavazi hata kazi ikiwa imekwisha, eti namshikia pini, mpaka yakatokea ya kutokea, na kesho yake kwa kiburi changu nikamwambia, "Yaliyopita yamepita, kila mtu ashike kazi yake," naye akaniangalia, akasema, "Sawa, dada," na tangu hapo ni dada tu, dada nyanyua mkono, dada geuka, mpaka neno lenyewe nimelichukia.

Kumbe mwili haukusikia makubaliano yetu. Nilipojua nina mimba nililia kidogo, kisha nikafurahi, nisiseme uongo, nilifurahi sana, nikatembea barabarani kifua mbele kama mtu aliyepewa cheo, lakini sikumwambia yeyote, na mwongozaji wetu, tunayemwita Mzee Kata kwa jinsi anavyolipigia kelele hilo neno, akasimamisha kazi siku moja akasema, "Binti, uigizaji huu umeutoa wapi? Hata kwenye kiti unainuka kama mjamzito wa kweli!" Watu wakapiga makofi, nami nikainama kupokea sifa zangu, fundi peke yake akawa anaangalia pini zake.

Filamu haipigwi kwa mpangilio, leo mwisho kesho katikati, kwa hiyo tumbo lazima libaki kipimo kilekile, na mimi nilikuwa naogopa kuumbuka maana la ndani linakua, ila kila nikivaa naona linanikaa vilevile, hadi siku niliyolinyanyua mwenyewe kutoka mezani nikaona limekuwa jepesi, nikatazama mshono, umefumuliwa na kushonwa upya, kumbe fundi amekuwa akipunguza pamba kila ninapoongezeka, na upande wa ndani unaogusa ngozi yangu ameweka kitambaa laini ambacho hakuna aliyemwagiza.

Kwa hiyo anajua. Nikangoja aseme, naye siku moja, pini mdomoni, akaniuliza, "Dada, huyo mwenzako wa kwenye filamu, anakutunza?" kwa sababu watu wote pale wananong'ona kwamba mimi na huyo kijana tunapendana kweli, na mimi nikapata donge kuona ananigawa kirahisi hivyo, nikajibu, "Ananitunza sana," akatoa pini, akasema, "Afadhali."

Uongo mtupu, Shangazi, yule kijana hata kiti hajawahi kunisogezea. Jumamosi tunamaliza, na fundi amepata kazi mji mwingine. Kwenye filamu nimesema "nina mimba, na mtoto ni wako" mpaka wapiga picha wameikariri, nimeisema nikilia, nikicheka, nikimwagiwa mvua ya mpira wa kumwagilia bustani, lakini mbele ya fundi mdomo unaganda. Sitaki huruma ya mtu, sijawahi kuomba hata chumvi, na mtoto nitamlea. Nimwambie, au nimwache aende na heshima yangu ibaki?

Karani wa Matumbo Mawili

*

Marahaba, mwanangu, na hongera, zote mbili. Nimecheka, usinilaumu, ila nilipofika kwenye kile kitambaa nikaacha. Kamera inaona nje. Hicho cha ndani amemshonea nani?

Sasa nikuseme. Wewe ndiye uliyefunga mlango, halafu unanuna kwamba hapigi hodi. Ulimwambia ashike kazi yake, akaishika. Alipojikaza kuuliza, ukamjibu yupo anayekutunza. Ulitaka afanye nini, apige ramli? Mtu anayeamini mtoto ni wa mwingine, na bado anakaa kwenye cherehani kukusitiri mbele ya watu, huyo hafukuzwi kwa uongo. Wakubwa walisema mficha uchi hazai. Wewe unataka kuzaa huku umejifunika gubigubi!

Fahari yako naipenda, usiitupe. Umeipata kwa jasho. Lakini hapa huombi chumvi. Unampa mtu habari iliyo yake, na anayetoa hajadhalilika. Kumlea peke yako naamini utaweza, ila fundi aende akijua au abaki akijua, si aende kipofu.

Basi fanya hivi. Nenda kliniki wiki hii kama hujaenda, na Mzee Kata mwambie hakuna tena kumwagiwa maji, filamu haina thamani ya homa yako. Usimtume mtu, usimwandikie. Wewe kwa kuandika ni hodari mno na utajificha humo. Jumamosi, kazi ikiisha, nenda chumba cha mavazi mwenyewe. Maneno ya karani yaache nje. Anza na uongo wako, umwambie hakuna anayekutunza, ulisema kwa hasira, kisha la mtoto. Akikimbilia kutaja ndoa, mwambie apumue kwanza, na wewe pia upumue.

Halafu fungua mikanda, lile tumbo la pamba umkabidhi mkononi, ni kazi yake. Akishalipokea usilikimbilie koti. Simama mbele yake kifua mbele, kama ulivyotembea barabarani siku ile, akuone.