Mlango Wenye Tundu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya kwanza ya sinema. Nimechukua likizo dukani ili nije kukaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya watu hapa Umoja, na baridi hii ya Agosti! Ndani wako Mwongeli wangu na Lorine. Lorine ndiye mama wa kwenye sinema, Mwongeli ni mtoto wake. Mwanamume amewafungia kwenye chumba kimoja miaka na miaka. Mwishowe mtoto anaruka dirisha, anaita watu, mama anaokolewa. Ndiyo hadithi yote.

Sylvance, dairekta, ana mtindo wake. Hampi mtoto maneno ya kukariri. Anamwambia jambo lenyewe tu, halafu anamwacha aseme lake. Na mimi nisionekane — ati mtoto akiniona atanitazama mimi badala ya mama yake. Mama yake! Nikamwambia mama yake ndiye huyu hapa, na nilishonwa nyuzi saba kumpata. Akacheka. "Pole, Mama Mwongeli. Si unajua ni kazi tu."

Lorine mwenyewe akaniletea chai na andazi. Siwezi hata kumchukia vizuri.

Kavinya dada yangu amepiga simu kuniuliza kama nimerogwa. Sinema zote za dunia, nimemchagulia hiyo! Nikamwambia Mwongeli aliipenda, alichaguliwa kati ya watoto arobaini wa kanisa, ningemnyima kwa sababu gani? Alikuwa na miaka minne tu wakati ule. Hajawahi kulitaja jambo lile. Mimi na yeye tulifungiwa Donholm miezi minane na babake, na anayekumbuka ni mimi peke yangu. Bora iwe hivyo.

Jumanne, 5 Agosti

Okinyi, fundi wa seti, ameleta mlango wa chuma, wa bluu. Mlango wa ploti, nyumba za kupanga, kama yote ya huku: una tundu karibu na komeo, la kupitisha mkono ukitaka kufunga kufuli. Ameuweka, ameupaka matope kidogo uonekane wa zamani, anajisifu.

Mwongeli akauangalia. Akamwambia, "Uncle, hii haiwezi. Mama atatoa mkono hapa aite watu."

"Sasa tufanyeje, madam?"

"Unaweka bati. Unachomelea kwa nje."

Wote wakacheka. Wakasema huyu mtoto ni mjanja, ana akili ya mtu mzima. Okinyi akaenda kutafuta bati. Mimi nilikuwa dirishani na sikucheka. Ndambuki, babake, alimleta fundi wa kuchomelea siku ya Jumapili, majirani wakiwa kanisani. Fundi akafanya kazi yake, akanisalimia vizuri, akaomba maji ya kunywa. Nikampa.

Kwa hivyo anakumbuka. Ninachotaka kujua ni kiasi gani.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nikimsuka nikamuuliza, hayo mambo ya bati uliyaona wapi? Akasema, "Kwetu." Basi. Akaomba kipande kingine cha mkate.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo hawapigi picha, jenereta imeharibika. Niko nyumbani, Mwongeli yuko nje anaruka kamba. Acha niandike, kwani nani atasoma?

Ndambuki alikuwa akinitoa siku za maji. Mimi na mtungi wangu hadi kwenye mfereji wa ploti, Mwongeli anabaki ndani. Hakuhitaji kunifuata. Alijua nitarudi, mtoto wangu yuko kwake. Mbele ya majirani nasalimia, nacheka, najaza maji, narudi. Hakuna aliyejua kitu. Walikuwa wakiniambia nina bahati, mume wangu ni mtu wa nyumba.

Jumamosi moja foleni ilikuwa ndefu. Nikaweka mtungi chini nikaenda. Nilitembea kwa slipa mpaka Komarock kwa Kavinya. Kesho yake saa sita mchana nikarudi na kaka yetu na polisi wawili, mlango ukavunjwa. Mwongeli alikuwa hajaguswa, ameketi kitandani. Ndambuki alishtakiwa, akafungwa, na tangu atoke hajatusumbua.

Watu wote wanasema nilienda kutafuta msaada. Mimi mwenyewe nilisimama kanisani nikashuhudia hivyo, wakapiga makofi, mchungaji akaniita mama shujaa. Sikuwa naenda kutafuta msaada. Nilikuwa naenda tu! Sikumfikiria kabisa njia nzima. Ni Kavinya aliyefungua mlango akauliza, "Mtoto yuko wapi?" — na hapo ndipo nikamkumbuka. Naona aibu hata kuiandika. Mchana na usiku mzima, mtoto wa miaka minne, hajui mama amekwenda wapi. Nikiulizwa na mahakama ya mbinguni nitajibu. Nikiulizwa na Mwongeli sijui.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa. Leo ilikuwa siku ya mtoto kutoroka. Godoro limewekwa nje chini ya dirisha, kamera tatu, kila mtu kimya. Sylvance akamweleza: mama anakunyanyua, unaruka, unakimbia. Mwongeli akakataa. Si kwa kulia, hapana. Alikataa vile anavyokataa uji.

"Mtoto haendi," akasema. "Mama ndiye anaenda, kuteka maji."

Sylvance akainama mpaka usawa wake. "Halafu?"

"Halafu harudi."

Nilidhani atambembeleza. Akabadilisha hadithi papo hapo! Lorine akapewa mtungi, akatoka. Mwongeli akaachwa na kamera. Dakika kumi na moja. Nilitazama yote kwenye kile kiskrini kidogo nyuma ya pazia. Hakulia. Alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. Akaenda mlangoni, akabandika sikio kwenye bati la Okinyi, akarudi kuketi. Dairekta akawa analia yeye.

Lorine alikuja kusimama kando yangu. Akauliza pole pole, "Mama Mwongeli, hii ni story yenu?" Nikasema naenda choo.

Kavinya anasema nimtoe kesho asubuhi, niseme ana homa. Nikimtoa, atajua namwogopa. Nikimwacha, atasema. Mwenyewe amekula ugali wote jioni na kuuliza kama kesho watakuwa na juisi.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nyuma ya karatasi ya ratiba, daftari liko nyumbani.

Nimemleta. Leo ni sehemu ya mama kurudi. Sylvance alimwambia, mama amerudi, muulize kitu kimoja tu, kile unachotaka kujua. Lorine akaingia, akapiga magoti mbele yake, machozi tayari yanamtoka. Mwongeli akamwangalia kwa huruma. Akamgeukia Sylvance: "Auntie Lorine hajui."

Sylvance akanifuata nje. Eti nikae tu kando ya kamera, mahali mtoto anapotazama. Sitaonekana. Sihitaji kusema chochote. Ningekataa! Lakini Mwongeli alikuwa amesimama mlangoni ananingoja.

Kwa hivyo niko ndani. Kitanda, beseni, ndoo. Okinyi amefunga kufuli kwa nje ili mlango usigongegonge, sauti ya kamera iwe safi. Kile kishindo cha kufuli — kwapa zangu zililowa hapo hapo.

Swali la mbona uliniacha, hilo nina jibu lake. Miaka mitatu nimelinoa. Nilikwenda kuleta watu wakutoe, mama. Nilikuwa nimelishika mdomoni kabisa.

Kamera ikaanza. Akaniangalia mimi, si Lorine.

"Mama, siku ile ya maji, ulikuwa unaenda wapi?"

Jibu langu halikutoshea hapo. Kisha betri ya kamera ikaisha, Sylvance akatukana chini chini, akasema dakika tano, turudie kutoka kwa swali.

Sasa wanabadilisha betri. Lorine amempa Mwongeli sweta, mtoto amekataa. Hajaondoka kitandani. Ananitazama nikiandika, kama anayesubiri zamu yake kwa daktari. Okinyi amegonga kutoka nje, anauliza afungue mlango tupumue kidogo.

Mwongeli amemwambia angoje kwanza, mama ajibu.