Pikapu ya Abdalla

Jumanne, 8 Aprili

Maharagwe motoni. Nguo kambani. Siku ya hamsini na nane ya eda, na bado nyingi kabla sijaruhusiwa kutoka.

Shemeji Bakari amekaa barazani, anaitazama pikapu ya marehemu ndugu yake. Abdalla aliinunua Changamwe miezi mitatu kabla ya kufa, ikavutwa kwa kamba hadi hapa Magogoni. Ni kongwe kuliko mimi. Kila Jumapili alikuwa chini yake.

Bakari amesema mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja Jumamosi. Nikamjibu kupitia pazia kwamba nimeshaita fundi. Akasema haya, ikiwaka kabla ya Jumamosi, ibaki. Isipowaka, iende.

Sitaki iende. Ndiyo kazi yake ya mwisho.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi Kilonzo kaja. Mtu wa bara, mcheshi. "Mama Rukia, hii gari tuipe shikamoo kwanza." Nilicheka. Kisha nikashtuka kwamba nimecheka. Mara ya kwanza tangu maziko.

Nyaya zimemshinda. Abdalla alizifungua zote, akazitia alama kwa nyuzi za cherehani yangu. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Nikakaa nyuma ya pazia, nikamtajia moja moja. Nyeupe, taa. Kijani, starta. Ya zambarau sikuikumbuka.

Ijumaa, 11 Aprili



Kilonzo aliugusisha waya wa zambarau na betri. Honi ikalia mara mbili, fupi fupi. Honi ya Abdalla. Nilikuwa nakuna nazi. Niliiacha mbuzi, nikakimbia, nikafungua lango la barabarani. Kichwa wazi, miguu mitupu, ndani ya eda. Nje hapana mtu. Nikasimama nimeshika komeo. Wallahi nilikuwa nangoja aingize gari.

Kumbe honi aliitoa kwenye gari letu la awali kabla ya kuliuza, akaifunga humu. Hakuniambia. Miaka kumi na tisa nimeifungulia lango sauti ile.

Aibu. Niligeuka nikitarajia Bakari anikemee. Alikuwa amesimama barazani, kiatu kimoja mguuni, uso umempauka.

"Hata mimi, shemeji," akasema. "Nilikuwa naenda kumpokea."

Akakaa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mnunuzi wa vyuma alikuja asubuhi na mapema. Injini ilikuwa haijawaka. Bakari alimrudisha pale pale langoni.

Iliwaka baada ya adhuhuri. Moshi mwingi, halafu ikatulia.

Kilonzo alikuja dirishani. Akauliza kama aing'oe honi, aweke nyingine. Nikasema aiache. Basi, akasema, itabidi aijaribu mara moja.

Bakari alivaa kofia, akaenda dukani. Kununua nini, hakusema.

Nikamwambia Kilonzo apige.

Ililia mara mbili. Nilishika ukingo wa dirisha. Sikuinuka.